Mke Ambaye Baba Hakumwoa

Ukiwauliza wazee waliobaki pale Bondeni, Nakuru, habari za Nicodemus Makokha, watakuambia mambo mawili. La kwanza, kwamba alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji. La pili, kwamba alifukuzwa kazi kwa sababu ya mwanamke. Hilo la pili watalisema kwa sauti ya chini na kwa raha zaidi, maana habari ya mwanamke haijawahi kuwachosha watu wa mtaa wetu. Mimi ni Truphosa, binti yake wa kwanza. Nimewasikia wakiisimulia hivyo kwenye harusi na kwenye matanga, hata kwenye matanga yake mwenyewe, nikanyamaza kwa kuwa siku ya matanga mtu hagombani. Leo si siku ya matanga.

Hata huo uofisa waliutia chumvi. Baba alikuwa petiofisa, na mpaka wakati ule hakuna Mwafrika aliyekuwa amepandishwa zaidi ya hapo. Lakini Bondeni walikuwa na ofisa mmoja tu wa bahari, na hawakuwa tayari kumpunguza. Walimwita Ofisa, na mama yangu Milcah akaitwa Mama Ofisa, na mimi nikatembea mtaani kichwa juu kana kwamba meli ni yangu.

Alizaliwa Kimilili, akaja Nakuru akiwa kijana kusafisha injini za reli. Vita vya Hitler vilipoanza akaenda Mombasa kujiunga na wanamaji, mtu ambaye hajapata kuona maji mapana kuliko mto Nzoia. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alipoiona bahari aliitafuta ng'ambo kwa macho, na alipoikosa alikasirika. Vita vilipokwisha hakuacha kazi. Sisi tulibaki Nakuru katika chumba kimoja cha kanseli, nyumba za baraza la mji, kwa sababu mama alikuwa na cherehani na wateja wake. Baba alikuja kwa treni mara mbili kwa mwaka.

Asubuhi ya kwanza ya likizo alikuwa akikunja suruali, anapiga magoti na brashi na sabuni, anasugua sakafu ya simiti kuanzia ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, kisha anaendelea na ua mpaka kwenye mtaro. Mama anakaa kitandani miguu juu, anashona. Wanaume waliopita njiani walisimama kutazama.

"Makokha, mama amekushinda?"

"Melini hakuna mama," baba anajibu, na brashi haisimami.

Niliamini hakuna mtoto Nakuru nzima mwenye baba kama wangu. Alikuwa na sare nyeupe ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na alipoipiga pasi tulikaa kimya kama tuko kanisani.

Lakini vita nilivyoviona mimi havikuwa vya bahari. Nilikuwa na miaka mitano serikali ilipotangaza hali ya hatari, na nilipofika saba Bondeni ilikuwa imezungushwa seng'enge. Ikifika jioni hakuna kutoka. Wakikuyu walipewa pasibuku zenye picha, na malori yalikuja alfajiri, watu wakapangwa kiwanjani. Mtu aliyefunikwa gunia, macho tu yakionekana kwenye matundu, alikaa kwenye kiti akitikisa kichwa. Aliyetikisiwa kichwa alipanda lori.

Sisi watoto tukaufanya mchezo. Mmoja anavaa gunia la unga, anakaa juu ya debe, wengine wanapita mbele yake. Lori lilikuwa mtaro wa pale kwenye mfereji wa maji. Mimi nilipenda sana kuwa gunia. Siku moja Mugure, jirani yetu wa mlango wa pili, alinikuta nimekaa juu ya debe. Alinivua lile gunia polepole, akalikung'uta, akalikunja, akaenda nalo. Hakunigombeza. Mumewe, Gathogo, fundi wa mbao, alikuwa ametikisiwa kichwa mwezi wa kwanza mwaka huo wa hamsini na nne, na hakuna aliyejua yuko kambi gani. Nasema haya ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani. Malori hayakuwa yetu, na mimi nilifurahi kwamba si yetu, sikuwaza zaidi.

Mwezi wa pili Mugure alijifungua mtoto aliyeishi siku nne. Wiki iyo hiyo mama alimzaa ndugu yangu Jonah, akashikwa na homa ya uzazi, akalazwa wiki mbili. Alirudi amekonda, yuko hai, lakini maziwa yamekauka. Jonah aliyakataa maziwa ya ng'ombe. Akipewa kwa chupa anatapika, akipewa kwa kijiko anatapika, mpaka akawa analia sauti nyembamba isiyoamsha mtu. Ukuta kati ya chumba chetu na cha Mugure haukufika kwenye paa, kwa hiyo kilio cha upande mmoja kilikuwa kilio cha pande zote. Mugure aliingia kwetu bila kubisha, akaketi kando ya kitanda, akamchukua. Hakuna aliyemwomba. Jonah alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni. Kuanzia hapo akawa anaishi mgongoni na kifuani mwa Mugure, na mama alikuwa akimtazama kwa shukrani iliyochanganyika na wivu, jambo alilolikiri mwenyewe alipozeeka.

Baba alikuja mwezi wa nne, na safari hii alikuja na barua. Alichaguliwa kwenda Uingereza kusoma mwaka mzima, na akirudi angepewa cheo kamili, utepe wa dhahabu kwenye mkono wa koti. Ofisa wa kweli, bila ile peti mbele. Mama alimfanya aisome mara mbili, kisha akauliza baridi ya huko ikoje na kama watampa blanketi. Mimi nilitoka mbio kuwaambia watoto wote wa safu yetu. Nilikuwa sijawahi kuwa na habari kubwa kiasi hicho.

Siku ya tisa ya likizo, Jumanne, malori yakaja tena. Mara hii walitaka hata wanawake. Kila mwanamke wa Kikuyu ambaye mumewe yuko kizuizini alikuwa arudishwe rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Wakikuyu, au kambini, na walipewa dakika kumi za kufunga mizigo. Mugure hakufunga kitu. Aliingia kwetu na Jonah, akamweka mapajani mwa mama. Jonah akaanza kutafuta ziwa kwenye nguo ya mama, akalikosa, akalia. Baba alikuwa amesimama na fulana. Alimtazama yule mtoto, akamtazama Mugure anayetoka, kisha akavaa sare nyeupe. Yeye ambaye alichukua nusu saa kuvaa, siku hiyo alifunga vifungo akiwa tayari mlangoni.

Nje alikuwepo ofisa mmoja Mzungu wa polisi, kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na sajini wake aliyeitwa Khaemba, Mbukusu kama sisi.

Baba alipiga saluti. "Bwana, huyu mama hawezi kwenda. Ni bibi yangu."

Mzungu aliiangalia sare kwanza. "Huyu bibi yako? Mimi naona karatasi nasema bibi ya Gathogo."

"Hiyo ilikuwa mbele, Bwana. Gathogo alipokwenda mimi nilimchukua. Bibi wa pili."

Mzungu akamgeukia mama, aliyekuwa ameshikilia mlango kwa sababu miguu ilikuwa bado haijapata nguvu. Mama yangu alikuwa anaongoza nyimbo za akina mama kanisani. Alikuwa amefunga ndoa ya pete.

"Ni mke mwenzangu," akasema.

Ulikuwa uongo mtupu. Ninyi nawaambia sasa hivi, lakini mimi sikuambiwa. Nilikuwa na miaka saba, na watoto wa Bondeni walikuwa wanaulizwa maswali na askari wenye peremende mkononi. Niliyasikia maneno ya baba na ya mama, nikayaamini yote, na kitu fulani ndani yangu kikajitenga na baba asubuhi ile. Nilimchukia Mugure kwa wiki moja. Baba nilimchukia kwa muda mrefu zaidi.

Sajini Khaemba hakuyaamini. Alimweleza Mzungu kwamba kwetu mtu haoi bila baba yake kujua, basi aletwe baba yake aulizwe. Mzungu akakubali. Mugure abaki mpaka Ijumaa, na Ofisa asitoke nje ya ploti. Khaemba akapeleka ujumbe kwa chifu wa Kimilili, na chifu akampandisha babu treni bila kumwambia anaitiwa nini.

Siku tatu hizo mama na Mugure walikaa wakinong'ona, mimi nikidhani wake wenza hunong'ona hivyo. Kumbe mama alikuwa anamfundisha. Alimfundisha salamu ya kwetu, kusema mulembe na kuitikia mulembe. Alimfundisha ukoo wa baba, jina la nyanya yangu, ng'ombe wangapi walitajwa, na namna ya kupika mboga kwa munyu, ile chumvi ya majivu. Mugure alikuwa na kichwa chepesi, akayashika yote. Jambo moja tu hakufundishwa, na halikumjia mama hata kidogo. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono. Akimwona anakuja, anapisha njia, anasalimu kutoka mbali, macho chini. Hakuna anayekaa chini akafundishwa hilo. Unakua ukiliona tu, na mama hakuwaza kwamba kuna mtu mzima duniani asiyelijua.

Khaemba alikuwa mjanja. Alikwenda mwenyewe stesheni na Land Rover kumpokea babu, ili asikutane na yeyote wa kumpanga. Walifika saa sita mchana. Kuka, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alishuka na koti lake refu la vita vya kwanza na fimbo yake, akasimama uani akitafuta nani amekufa. Mugure alikuwa ameambiwa huyu ndiye baba wa mumeo, mheshimu sana. Na kwao heshima ni kumwendea mtu. Alitoka mbio na Jonah mgongoni, akaushika mkono wa Kuka kwa mikono yake yote miwili, akainama. Kuka, ambaye hakuambiwa kitu, aliushika vizuri, akautikisa, akamshukuru.

Nilimwona mama akifumba macho.

Khaemba alicheka kwa pua. "Mzee, unamjua huyu mama?"

"Simjui," akasema Kuka. "Labda ni jirani. Ana adabu."

Khaemba akamsogelea baba. Mzungu alikuwa kwenye gari akiandika, hakusikia, na nadhani Khaemba alisubiri hivyo makusudi. Hakuwa mtu mbaya. Kwao na kwetu palitenganishwa na mto tu.

"Makokha, mimi si mtoto," akamwambia taratibu. "Sema tu ulidanganya. Mimi nitaambia Bwana ulishikwa na huruma. Jumatatu unarudi kwa meli yako, unaenda Ulaya, unarudi mtu mkubwa, hata sisi tunajivuna. Huyu mama anapanda lori na wenzake. Kwa nini unajiharibia?"

Baba alisimama wima. Namwona mpaka leo, kofia kwapani, jasho limechora mstari kwenye kola nyeupe. Jonah alianza kulalamika mgongoni mwa Mugure, akipekuapekua kitambaa kwa mdomo. Baba alimgeukia Kuka, akamtazama usoni.

"Baba, ni mke wangu. Nilimwoa bila kukuambia. Nimekukosea."

Kuka aliegemea fimbo. Alimtazama baba muda mrefu, akamtazama Mugure na mtoto, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Halafu akainua fimbo. Ilimshukia baba begani, ya pili mgongoni, ya tatu sikuiona kwa sababu nilijificha nyuma ya mama. Baba alipiga magoti uani na sare yake, kofia ikaanguka. Kuka alikuwa anapiga kelele kwa Lubukusu, na ploti nzima ikatoka kutazama. Umenifanya nishike mkono wa mke wa mwanangu. Umenitia mkosi uzeeni. Sinywi maji hapa, siketi, mpaka kondoo achinjwe nitakaswe, na huyo mwanamke atakaswe, leo hii, jua likiwa juu.

Kicheko cha Khaemba kilikwisha. Alivua kofia yake. Mzee wa kwetu anaweza kudanganya serikali bila kupepesa, lakini mkosi wa namna hiyo hauiti mwenyewe juu ya kichwa chake, na Khaemba alijua hivyo kwa sababu alilelewa na mzee kama huyo. Alikwenda kwenye gari akasema maneno machache, na Mzungu akaandika. Kondoo alinunuliwa sokoni, akachinjwa kando ya mfereji. Khaemba alisimama mpaka mwisho na akapewa mguu wa nyuma.

Miaka mingi baadaye mama aliniambia yaliyosemwa ndani jioni ile. Baba alitaka kueleza, Kuka akamkatiza. "Usiniambie kitu. Mtu aliyeoa kwa siri hamtazami baba yake machoni, na wewe ulinitazama." Kisha akamwomba radhi kwa zile fimbo, kwamba ilibidi ziume kweli. Na ule utakaso Kuka aliuchukua juu yake: aliuita mkosi ambao haukuwepo, bila kujua utamjibu vipi. Aliishi miaka miwili tu baada ya hapo. Mama hakutaka kusema kama mambo hayo yanahusiana, na mimi sikumlazimisha.

Basi Mugure alibaki. Lakini barua ya Mzungu ilifika Mombasa kabla ya baba kuisahau ile Ijumaa. Mwezi wa sita aliitwa, akasimamishwa mbele ya wakubwa watatu. Ofisa mtarajiwa ana wake wawili, na wa pili ni mke wa mfungwa wa hali ya hatari. Walimpa nafasi, na haikuwa nafasi mpya. Aseme si mke wake, waandike amekosea, safari iendelee. Alijua kwamba akisema hivyo Mombasa, kesho yake lori litasimama Bondeni. Jonah alikuwa na miezi minne.

Nilikwenda stesheni kumpokea. Nilisimama pale pale ninaposimama siku zote, nikitafuta nyeupe kati ya watu. Watu wakaisha. Mwanamume mmoja mwenye suruali fupi ya mtumba na mfuko wa kamba alikuwa amesimama karibu yangu kitambo. Nilikuwa nimempita mara mbili.

"Twende," akasema baba.

Alipata kazi kwenye kiwanda cha mablanketi, kubeba marobota ya sufu. Alirudi jioni na nyuzi nyuzi kichwani, anakohoa. Kanisani wazee walimwondoa meza ya Bwana wakamweka benchi la nyuma, kwa sababu ya mke wa pili, na mama akanyang'anywa uongozi wa nyimbo kwa kukubali. Walikaa pamoja huko nyuma miaka mitano. Wangeweza kumnong'oneza mchungaji ukweli. Lakini mchungaji ana mke, na mke ana dada, na dada huteka maji. Wakanyamaza.

Mama ndiye aliyemsukuma baba jioni mbili kwa wiki akakae mlangoni kwa Mugure, watu wamwone. Alikuwa anabeba kigoda na viatu vya kushona, anakaa kizingitini, mgongo kwa chumba na uso uani, mpaka wakati wa kulala, halafu anarudi kwetu akikohoa kwa nguvu. Bondeni nzima iliona mume aliyemtembelea mke mdogo. Kama wangekuwa na macho wangeona mtu anayelinda lango. Mimi mwenyewe sikuwa na macho. Nilimpa chakula chake bila kusema karibu, na akiniuliza habari ya shule nilijibu nikiwa nimeshaanza kuondoka.

Nilipokuwa darasa la tano, Mwalimu Kiplangat alituuliza mmoja mmoja baba zetu wanafanya kazi gani. Zamu yangu ilipofika nilisema baba yangu alikuwa ofisa wa wanamaji, akafa baharini. Sikujikwaa hata neno moja. Mwalimu alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Jumamosi akaja nyumbani na kilo mbili za sukari kumpa pole mama, na aliyemfungulia mlango ni baba.

Nilikuwa nyuma, naosha sufuria. Nilisikia mwalimu akijitambulisha, akisema amesikia msiba wa marehemu Ofisa Makokha, na wewe ni ndugu yake? Nilitamani ardhi inimeze na sufuria zangu.

Nilisikia baba akifungua mlango wote. "Ni kweli, mwalimu," akasema. "Yule wa bahari alikufa. Karibu ndani, unywe chai."

Walikunywa chai. Waliongea juu ya mahindi na mvua. Mwalimu alipoondoka baba hakuniita, hakunigusa, na neno hilo hakulirudia mpaka alipokufa. Ningependa angenichapa.

Gathogo alirudi mwaka wa hamsini na tisa, Jumamosi alasiri. Alikuwa na karatasi ya kuachiliwa na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kabla hajafika kwetu walikuwa wameshamwambia, tena si mtu mmoja, kwamba mtoto aliyemwacha tumboni alikufa na mkewe amechukuliwa na Ofisa. Kwa hiyo hakwenda kwa mlango wa Mugure wala kwetu. Alisimama katikati ya ua. Mugure alitokeza, akamwona, akashika ukuta. Jonah, miaka mitano sasa, akamkimbilia Mugure na kumshika nguo.

"Mama, huyu ni nani?" akauliza.

Nilimwona Gathogo akilipokea hilo neno. Alikuwa fundi, alijua kuhesabu. Alimtazama mtoto kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Baba alitoka na vumbi la kiwanda, akasimama hatua tatu mbele yake. Majirani walikuwa wamejaa kwenye milango, na mimi nilikuwa na beseni la nguo mikononi. Wote tulingoja wapigane. Baba alikuwa mkubwa wa mwili kuliko Gathogo, lakini mikono yake aliiacha ikining'inia.

"Sikumwoa," baba akasema. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nilidanganya."

Gathogo akauliza: "Ulidanganya nani?"

"Polisi. Wakubwa wangu wa jeshi. Kanisa. Hawa wote unaowaona." Akanitazama mimi. "Na huyu mtoto wangu."

"Na huyu mdogo?"

"Ni wa Milcah. Mama yake hakuwa na maziwa. Bibi yako alimnyonyesha. Wangempeleka kambini, na huyu angekufa."

Gathogo akamgeukia Mugure, akamwuliza kitu kwa Kikuyu. Mugure alijibu maneno mawili au matatu, kisha akafunika uso kwa kitambaa na mabega yakaanza kucheza. Gathogo alikiweka kifurushi chini, akakikalia. Alikaa pale jua likimpiga, mikono juu ya magoti, muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani.

"Na kazi yako ya meli?" akauliza mwishowe.

"Iliisha," akasema baba. Akamwambia Mugure, "Shemeji, mletee bwana yako maji anawe miguu."

Majirani walianza kurudi ndani, mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli. Ndio hao hao, na watoto wao, wanaowaambieni mpaka leo kwamba alifukuzwa kwa sababu ya mwanamke. Walisikia kwa masikio yao. Sijui kwa nini waliuacha ule ukweli uani, labda kwa sababu hauna utamu wa kusimulia.

Mimi nilibaki nimesimama. Neno moja lile, nilidanganya, angelisema kwa Khaemba, au angelisema Mombasa, na angekuwa na dhahabu kwenye mkono wa koti na mimi ningekuwa binti wa ofisa. Miaka mitano nilikuwa nimemhukumu mezani kwake mwenyewe, nikila ugali wa mgongo wake, nikamzika mbele ya darasa, na yeye akaniacha nimzike ili nisijue kitu cha kuwaambia askari. Nilimpenda pale uani mpaka kifua kikauma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikujua mtoto anaanzia wapi kumwomba baba yake msamaha.

"Baba," nikasema, "nikuwekee chai?"

Alinitazama, nadhani alikuwa anahesabu ni lini mara ya mwisho nilimwita hivyo.

"Weka," akasema. "Weka nyingi, tuko wengi."